Kiangazi Kisicho Chetu

Mtu aliyekulia Kisumu hahitaji kufundishwa kwamba radi hufika redioni kabla ya kufika masikioni. Nilipokuwa mdogo, baba alikuwa na redio ya betri ambayo jioni aliiweka dirishani ili aipate vizuri Idhaa ya Kiswahili ya BBC katika mawimbi mafupi, na katika miezi ya mvua ilikuwa kawaida sauti ya mtangazaji ianze kukatwakatwa na mikwaruzo wakati mbingu iliyo juu yetu bado ni nyeupe. Baba hakuwa na haja ya kuchungulia nje. Angesema tu, bila kuinua uso, "Mama watoto, anueni nguo," na baada ya nusu saa mvua kutoka vilima vya Nandi ingekuwa imetua juu ya mabati kwa kishindo cha kuizima redio yenyewe.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mwalimu wa fizikia katika shule ya kutwa mjini humu, nilisoma kwamba elimu ya kuchunguza anga kwa redio ilianza na malalamiko hayo hayo. Karl Jansky, mhandisi kijana wa maabara za Bell katika jimbo la New Jersey, aliagizwa kutafuta chanzo cha mikwaruzo iliyokuwa ikiharibu mazungumzo ya simu yaliyovushwa bahari kwa redio. Alijenga antena ya kuzunguka iliyotembea juu ya magurudumu ya gari la Ford Model T, akasikiliza kwenye megahezi 20.5, na katika ripoti yake ya 1932 akaigawa mikwaruzo mafungu matatu: radi za karibu, radi za mbali, na mvumo hafifu usiokatika ambao hakujua unatoka wapi. Mafungu mawili ya kwanza hata baba yangu angeweza kumweleza. La tatu ndilo lililoleta kazi, kwa sababu mvumo huo ulifika kileleni kila baada ya saa 23 na dakika 56, muda ambao ni wa nyota wala si wa jua, na kufikia 1933 Jansky alikuwa amekwisha kusema wazi kwamba unatoka upande wa katikati ya Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, katika kundinyota la Mshale, ambalo wanafalaki wa pwani yetu waliliita Kausi.

Nilikuwa nimemsimulia habari hiyo msichana mmoja alipokuwa kidato cha tatu, nikaisahau, yeye hakuisahau. Mwaka jana, mnamo Januari, alinijia nyumbani, sasa akiwa mwanafunzi wa fizikia wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha huku magharibi, akanionyesha kwenye simu tangazo la nafasi za utafiti wa kiangazi katika astronomia ya redio. Swali lake la kwanza halikuhusu fizikia. "Mwalimu," aliniuliza, "hiki kiangazi chao ni lini?"

Swali hilo si la kuchekwa. Kwetu Kisumu kiangazi ni hiki hiki cha Januari na Februari, wakati nyasi za uwanja wa shule zimegeuka majani ya chai na mabomba ya mtaani yanatoa hewa. Kiangazi cha Ulaya na Marekani ni Juni hadi Agosti, wakati ambao wanafunzi wetu wengi wa vyuo vikuu huwa kwenye likizo ndefu au wanahangaika na barua mkononi wakitafuta mahali pa kufanyia atachimenti, yaani mafunzo ya kazini. Kwa hiyo maombi ya kiangazi chao kwa kawaida huandikwa katika kiangazi chetu, na mwanafunzi anayeanza kuulizia mwezi wa Mei, likizo inapokaribia, huwa ameshachelewa kwa miezi mitatu au minne. Hilo peke yake limewafungia nje wanafunzi wengi wenye alama nzuri, na hakuna aliyewafanyia hila.

Nafasi zenyewe ni za zamani kuliko nilivyodhani. Kituo cha Taifa cha Astronomia ya Redio cha Marekani, kinachojulikana kwa kifupi chake cha NRAO, kimekuwa kikipokea wanafunzi wa kiangazi tangu 1959, na leo huwapeleka Charlottesville katika Virginia, Green Bank katika West Virginia, ambako kuna dishi la upana wa mita 100 lililozungukwa na eneo ambalo sheria inazuia kelele za redio, au Socorro katika New Mexico, ambako husomwa data za VLA, darubini ya redio yenye madishi 27. Chuo cha MIT kina kituo chake cha Haystack. Uholanzi, katika kijiji cha Dwingeloo, taasisi za ASTRON na JIVE huchukua wanafunzi wa nchi mbalimbali kwa wiki kumi hadi kumi na mbili. Mwanafunzi hupewa msimamizi, swali moja, meza, na posho ya kuishi.

Sisi tulichagua kituo kimoja cha Marekani, na kosa lililofuata lilikuwa langu mimi, niliyejifanya mzoefu. Tulikaa wiki mbili tukiandika maelezo yake binafsi, tukiyafuta na kuyaandika upya. Akaenda ofisi moja ya chuo mara nne kudai nakala ya alama zake, na kila mara akaambiwa mwenye mhuri ametoka. Nami nikampigia simu mhadhiri wake kumkumbusha barua ya mapendekezo. Usiku wa kuamkia siku ya mwisho ndipo niliposoma, katika aya ya masharti ambayo macho yangu yalikuwa yameiruka kila siku, kwamba nafasi zile zinalipiwa na Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani chini ya mpango wake wa wanafunzi wa shahada ya kwanza, na kwamba fedha za mpango huo ni za raia wa Marekani na wakazi wake wa kudumu. Nilimweleza asubuhi. Hakulia wala hakunilaumu. Aliniuliza tu kama barua ya mhadhiri inaweza kutumika tena mahali pengine. Tangu siku hiyo, mwanafunzi yeyote anayenijia na tangazo, tunaanza kulisoma kutoka chini kwenda juu.

Lakini wiki zile mbili zilinilazimisha kujiuliza mtu anakwenda kufanya nini huko hasa, kwa sababu katika rasimu zake binti huyu alikuwa akiandika kana kwamba anakwenda kutazama nyota. Hakuna anayetazama kitu. Darubini ya redio haitoi picha bali hutoa nambari, nyingi mno, na sehemu kubwa ya nambari hizo ni uchafu: simu za mkononi, setilaiti, rada za ndege, hata umeme wa uzio wa ng'ombe. Mwanafunzi hutumia wiki zake za mwanzo akijifunza kuandika programu kwa lugha ya Python na kuendesha programu za kuchakata data za redio kama CASA, kisha hukaa na data kama mama wa Ahero anavyokaa na ungo wa mchele, akipepeta na kuchambua, akitupa kilichotoka duniani na kubakiza kile ambacho labda kimetoka mbali. Baada ya hapo hulinganisha kipimo chake na chanzo cha angani ambacho nguvu yake inajulikana, kama vile mwenye duka anavyopima mizani yake kwa jiwe la kilo, ndipo aanze kusema lolote kuhusu kitu alichotumwa kukichunguza. Mwisho husimama mbele ya wataalamu na kueleza alichokipata, na mara nyingi alichokipata ni kidogo.

Wakati mwingine si kidogo, na hapa ndipo pananifanya niipende elimu hii kuliko matawi mengine ya fizikia, kwa sababu historia yake imejaa wanafunzi ambao hawakukubali kutupa uchafu. Mnamo 1967 Jocelyn Bell, mwanafunzi wa uzamivu huko Cambridge, alikuwa akisoma kwa macho karatasi iliyochorwa na kalamu ya mashine, karibu mita 30 za karatasi kila siku, kutoka kwenye darubini ambayo yeye mwenyewe alisaidia kuijenga kwa kupigilia nguzo na kuvuta nyaya katika shamba la ekari nne na nusu. Aliona alama ndogo, kama nusu sentimita hivi, isiyofanana na nyota wala na kelele za watu. Angeweza kuipita. Alipoirekodi kwa kasi kubwa zaidi mwezi wa Novemba, ikajitokeza kuwa mapigo yanayokuja kila baada ya sekunde 1.337 bila kukosea, na hiyo ikawa pulsa, yaani nyota inayozunguka na kutoa mapigo ya redio, ya kwanza kujulikana kwa binadamu. Tuzo ya Nobel ya 1974 iliyotokana na kazi hiyo alipewa msimamizi wake, Antony Hewish, pamoja na Martin Ryle, jambo ambalo wanafunzi wangu wa kike hunitaka nilieleze kila mwaka na kila mwaka nashindwa. Mnamo 2018 alipopewa tuzo nyingine ya dola milioni 3 aliitoa yote iwe ufadhili wa wanafunzi wa uzamivu wa fizikia kutoka makundi yaliyoachwa nyuma, wakimbizi wakiwemo.

Kisha kuna David Narkevic, ambaye hakuwa hata na shahada ya kwanza. Alikuwa mwanafunzi wa Duncan Lorimer katika Chuo Kikuu cha West Virginia, naye alipewa kazi ya kupekua data za zamani za darubini ya Parkes ya Australia, zilizokusanywa 2001 na kuwekwa kabatini. Ndani yake akakuta mmweko mmoja wa redio uliodumu chini ya milisekunde tano, wenye nguvu nyingi kupita kiasi, uliochelewa katika masafa ya chini ya mawimbi kuliko masafa ya juu kiasi cha kuonyesha kwamba umesafiri kutoka nje kabisa ya galaksi yetu. Taarifa ilichapishwa 2007, na leo mimweko ya aina hiyo ni uwanja mzima wa utafiti. Msomaji azingatie kwamba kijana huyo hakuhitaji zamu kwenye darubini. Alihitaji data za miaka sita nyuma, kompyuta, na mtu wa kumwambia mahali pa kutazama.

Nilipomweleza hivyo binti yangu wa fizikia, aliuliza kama data za namna hiyo zinaweza kupatikana Kisumu. Zinapatikana: data za vituo vikubwa kama NRAO kwa kawaida hubaki mikononi mwa waliozikusanya kwa mwaka mmoja hivi, kisha hufunguliwa kwa yeyote. Kinachokosekana ni bando. Faili moja ya darubini kubwa inaweza kumeza intaneti ya mwezi mzima ya bweni la wasichana, nasi tukaamua kwamba kabla ya kushughulika na data za wengine, heri tuvune chetu kidogo.

Likizo ilipofika tulikwenda Kibuye, kwa mafundi wa jua kali, tukiwa na mchoro. Hidrojeni, ambayo ndiyo kitu kilichotapakaa zaidi ulimwenguni, hutoa mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 21, katika megahezi 1420.4. Hendrik van de Hulst alilitabiri hilo 1944 akiwa mwanafunzi katika Uholanzi iliyokuwa chini ya jeshi la Ujerumani, na waliolithibitisha mapema 1951 walikuwa Harold Ewen, naye pia mwanafunzi, na mwalimu wake Edward Purcell, wakitumia antena ya pembe iliyotengenezwa kwa mbao na kufunikwa shaba, iliyochomozwa kwenye dirisha la maabara ya Harvard. Mvua iliingilia humo hadi ndani ya jengo, na wapita njia waliirushia madonge ya theluji. Kama pembe ya mbao iliweza, ya bati ingeshindwaje? Fundi aliutazama mchoro wetu kwa muda mrefu, akaugeuza juu chini, kisha akaniuliza kwa heshima, "Mwalimu, hii poshomili itasaga mahindi au mtama?"

Hakuwa amekosea sana, kwa kuwa antena ya pembe inafanana kabisa na mdomo wa poshomili. Alitukatia mabati manne, akayaunganisha kwa riveti, na ncha yake nyembamba tukaifunga kwenye mkebe wa mstatili wa mafuta wa lita tano. Ndani ya mkebe tulisimamisha waya wa shaba wa sentimita tano na kidogo, yaani robo ya wimbi, tukauunga na kikuza mawimbi na kile kijiti cha USB cha kupokea redio ambacho watu hukiagiza kwa kutazamia runinga kwenye kompyuta. Hivyo viwili vya mwisho ndivyo vilivyokuwa ghali.

Juu ya paa la maabara hatukupata lolote ila simu za mji mzima. Tukaibeba hadi kwa shangazi yake karibu na Maseno, pale ambapo mstari wa ikweta unakatiza barabara ya Busia, tukaielekeza juu kwa kuiegemeza kwenye ngazi ya kuchumia maembe. Mahali hapo ni pazuri kwa sababu ambayo hatuisemi vya kutosha: mtu aliyesimama ikweta huipata mbingu yote ya kaskazini na ya kusini katika mwaka mmoja, na mwezi wa Julai, kati ya saa nne na saa tano usiku, katikati ya Njia Nyeupe hupanda juu sana upande wa kusini, wakati wenzetu wa Dwingeloo huiona ikichungulia tu upeo wa macho, kama wanaiona kabisa.

Jaribio la kwanza halikuwa la nyota. Nilimwambia asimame mbele ya mdomo wa pembe. Mstari kwenye kompyuta, uliokuwa umelala, ukapanda wote kwa pamoja, akaondoka, ukashuka, akarudi, ukapanda. Mwili wa mtu una joto, na kila chenye joto hutoa mawimbi ya redio, na mbingu tupu ni baridi kuliko binti wa miaka ishirini na moja aliyevaa sweta. Alirudia mara saba au nane, akicheka, hadi shangazi yake akatoka na tochi kuuliza kuna nini. Kisha tukaiacha pembe itazame juu peke yake, programu ikijumlisha sekunde baada ya sekunde ili kelele zifutane, na baada ya robo saa hivi pakatokea kinundu kidogo pale pale karibu na 1420.4, kisichokuwepo tulipoigeuzia pembe upande mwingine. Kinundu hicho hakikukaa mahali pake hasa. Kilikuwa kimesogea kidogo, na alitumia wiki iliyofuata akijifunza kwamba kila kilomita moja ya mwendo kwa sekunde, kutujia au kutukimbia, huhamisha wimbi hilo kwa takriban kilohezi 4.7, na kwa hiyo mkebe wa mafuta ya kupikia ulikuwa umempimia mwendo wa mawingu ya gesi ya galaksi.

Wakati huo ndipo nilipoanza kumweleza habari za karibu, ambazo ningepaswa kumweleza mwanzo kabisa. Kusini mwa Mlima Longonot, katika kaunti ya Nakuru, pana kituo cha setilaiti kilichoanza kazi 1970, chenye madishi makubwa ya kubebea simu na runinga za kimataifa. Nyaya za baharini zilipofika Mombasa mnamo 2009, kazi ya madishi ya aina hiyo ikapungua, kama ilivyopungua kote Afrika. Ghana waliligeuza la kwao: dishi la mita 32 la Kuntunse lilizinduliwa 2017 likiwa darubini ya redio. Kenya ni mojawapo ya nchi nane zilizoshirikishwa na Afrika Kusini katika mpango wa mtandao wa darubini za Afrika, na Longonot imo katika madishi yaliyokusudiwa kugeuzwa. Sababu si hisani. Madishi yaliyo mbali yakisikiliza kitu kimoja kwa wakati mmoja hufanya kazi kama dishi moja lenye upana wa umbali uliopo kati yao, na kati ya madishi ya Ulaya na lile la mita 26 la Hartebeesthoek, Afrika Kusini, pana pengo kubwa ambalo ardhi yetu imelala katikati yake. Ninapopita Mai Mahiu kwenda Nairobi huwa naukodolea macho upande ule, na sijui kama ninachohisi ni fahari au hasira.

Kwa sababu ya mpango huo kuna milango ambayo mwanafunzi wa Kenya haulizwi pasipoti ya Marekani. Mradi wa DARA, wa Uingereza na Afrika Kusini, umekuwa ukiwapa vijana wa nchi hizo mafunzo ya msingi ya astronomia ya redio, pamoja na siku za kushika darubini kwa mikono yao. SARAO, taasisi ya Afrika Kusini yenye madishi 64 ya MeerKAT katika nyika ya Karoo, imekuwa na ufadhili wa masomo unaowafikia wanafunzi wa nchi washirika. Mafunzo haya hayaitwi ya kiangazi, na huenda ndiyo maana yule binti, aliyekuwa akitafuta neno hilo hilo, hakuyaona.

Januari iliyofuata aliandika maombi upya, safari hii kwa programu moja ya Ulaya ambayo masharti yake tuliyasoma kutoka chini. Rasimu ya mwaka wa kwanza ilikuwa imeanza kwa kusema kwamba tangu utotoni ameyapenda maajabu ya ulimwengu. Nilikuwa nimeisifu sentensi hiyo, na leo naona haya, kwa sababu waombaji wote wameyapenda maajabu ya ulimwengu na hakuna msimamizi anayeweza kuyapima mapenzi hayo. Barua mpya ilianza hivi: "Julai iliyopita nilisimama mbele ya pembe ya bati katika shamba la shangazi yangu, na mwili wangu ukang'aa kuliko mbingu." Kisha ikafuata michoro miwili, makosa matatu ambayo aliyagundua katika vipimo vyake, na swali moja ambalo mkebe wetu hauwezi kulijibu.

Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za kwao, ambayo kwetu ni saa nane kasoro dakika moja, na alinitumia ujumbe saa saba na robo kwamba yameingia. Niliusoma alfajiri nikitafuta chaki. Majibu bado hayajatoka. Pembe iko kwa shangazi yake. Kuku mmoja ameanza kutagia ndani yake, na binti amemwandikia shangazi kwamba asimfukuze hadi atakapoangua, kwa sababu Kausi hatarudi juu usiku kabla ya Juni.